Akili ya Kukumbuka na Mtu Atafutaye Kazi

Upande wa mashariki wa mji wa Songea iko milima ya Matogoro. Si milima mirefu kama Kilimanjaro, wala haina theluji, lakini ndiyo chimbuko la mto mkubwa. Katika misitu yake hutoka vijito vidogo ambavyo mtoto aweza kuviruka pasipo kulowa miguu, navyo vikikutana ndivyo vifanyavyo mto Ruvuma. Mto huu una jambo la ajabu katika mwanzo wake. Badala ya kuelekea mashariki iliko bahari, huanza kwa kushika njia ya magharibi, kisha hugeuka kusini, na mwisho huenda mashariki, ukawa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hata kuingia katika Bahari ya Hindi. Mwendo wake wote ni kama kilometa 800.

Mwanafunzi asomaye habari hizi mara moja tu na kukifunga kitabu, huenda kesho asikumbuke kwamba mto huu huanza kwa kwenda magharibi. Lakini zamani walikuwako watu wawili walioijua mito mingi ya nchi hizi kwa kichwa, bila ramani mkononi, na kwa ajili ya kuijua hivyo walipata kazi ambazo wengi wa wakati wao walizitamani. Majina yao ni Chuma na Susi.

Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa bado mtoto alikamatwa, akauzwa utumwani. Mwaka 1861, karibu na mto Shire katika nchi iitwayo sasa Malawi, msafara wa watumwa aliofungwa humo ulikutana na Daktari Livingstone na Askofu Mackenzie, nao wakawafungua watu wote. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, karibu na mto Zambezi, naye aliajiriwa mwaka 1863 kukata kuni za meli. Mwaka 1864 wote wawili walivuka bahari pamoja na Livingstone hata Bombay, katika Bara Hindi. Huko Chuma alitiwa shuleni, na Susi akafanya kazi bandarini.

Mwezi wa Machi mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani, na Chuma na Susi walikuwa pamoja naye. Wakashika njia ya kufuata mto Ruvuma kwenda bara. Hawakufika Matogoro, maana waliuacha mto huo wakaelekea ziwa Nyasa; lakini maji waliyokunywa siku zile yalikuwa na sehemu yake iliyotoka katika milima hii.

Basi akili zao zilifunzwaje? Hawakuketi darasani kufundishwa namna ya kukumbuka. Livingstone alikuwa mtu wa kuuliza. Kila walipofika alitaka kujua mto huu watoka wapi, waingia mto gani, na ukivuka kilima kile, maji hushuka upande upi. Yeye aliandika majibu katika kitabu chake, lakini waliomsaidia sana kuwauliza wenyeji walikuwa ni Chuma na Susi. Na mtu aulizaye kwa niaba ya mwingine hana budi kulishika jibu kichwani hata alifikishe. Akilisahau njiani, hurudi kuuliza tena, na jua ni kali. Akilileta nusu, bwana wake huuliza, “Na kijito cha pili je?” naye huaibika. Walifanya kazi hiyo miaka saba: kusikia, kushika, kulisema tena jambo kwa mdomo, na kulilinganisha na lililosemwa katika kijiji cha nyuma.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake waliukausha mwili wake kwa jua, wakaufunga katika gome la mti, wakauchukua safari ya miezi mingi hata wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Safari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Lililosahauliwa na wengi ni lile lililofuata: walipofika pwani walilipwa mshahara wao, wakaachwa waende zao. Jacob Wainwright, mwenzao aliyejua kuandika vizuri, ndiye aliyechaguliwa kufuatana na mwili hata Uingereza. Chuma na Susi walibaki bila kazi.

Lakini Uingereza palikuwa na shida. Mchungaji Horace Waller alipewa kazi ya kutengeneza vitabu vya safari za mwisho za Livingstone, na maandiko yenyewe hayakuwa mepesi kusomeka. Karatasi zilipomwishia, Livingstone alikuwa ameandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa rangi ya miti. Mahali pengine maneno yalikuwa machache mno, na pengine hapakuwa na neno lo lote. Nani angeweza kueleza? Tajiri mmoja rafiki wa Livingstone, jina lake James Young, aliwalipia Chuma na Susi nauli ya kwenda Uingereza. Wakakaa na Waller miezi minne.

Waller mwenyewe aliandika katika utangulizi wa vitabu vile, vilivyotoka mwaka 1874, kwamba ujuzi wao wa nchi walizopita ulimstaajabisha, na kwamba kwa sababu ya kuuliza habari za mito siku zote walikuwa wamekuwa wanajiografia hasa. Siku moja alitatizwa na mahali ambapo maji hugawanyika, haya yakienda huku na yale kule. Hakujua la kufanya. Susi akaondoka, na baada ya saa chache akarudi na mchoro wa mito yote ya sehemu ile. Waller aliulinganisha na ramani ya Livingstone, akaona vinapatana.

Yafaa kutazama sana jambo hilo. Susi hakukariri maneno ya kitabu. Aliketi, akaitembea tena njia yote katika mawazo yake, mto baada ya mto, na kila alipofika aliona alichokiona siku ile.

Tangu wakati ule watu hawa hawakukosa kazi kwa sababu ya kutojulikana. Mwaka 1875 Askofu Steere alisafiri kutoka pwani kwenda kwa Mataka, mfalme wa Wayao, na kiongozi wa msafara wake alikuwa Chuma. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston kuchunguza njia ya kwenda Nyasa na Tanganyika, na Chuma akawekwa kuwa mkuu wa wapagazi. Johnston alifariki mwezi wa Juni mwaka ule ule, kabla hawajafika mbali. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa kijana wa miaka 21 tu, ambaye hajapata kuongoza safari katika bara hili. Msafara ule ungeweza kuvunjika pale pale. Haukuvunjika, ulifika Nyasa na Tanganyika, ukarudi salama mwaka 1880, na sifa nyingi za hayo ni za Chuma. Susi naye alikwenda Kongo pamoja na Stanley, kisha akaongoza misafara ya misioni. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

Nyakati zimebadilika. Chuma hakuwa na vyeti. Kijana wa leo anavyo, na taabu yake ni kwamba wenzake wote wanavyo vile vile. Kwa kazi za serikali ya Tanzania iko Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hiyo hutangaza nafasi, hupokea maombi, na huwaita watu kwenye usaili. Mara nyingi kwanza huwa mtihani wa kuandika ili kuwachuja, na waliosalia huitwa mbele ya watu walioketi nyuma ya meza, wakaulizwa ana kwa ana. Makampuni na wenye maduka nao huuliza vivyo hivyo, ijapokuwa kwa njia iliyo nyepesi zaidi. Mbele ya meza ile hakuna ruhusa ya kufungua kitabu wala simu. Kijana atokaye Songea kwenda Dodoma kuulizwa amekwisha kulipa nauli, na nauli hiyo pengine ni mbuzi wa mama yake. Akitoka chumbani hali jambo alilolijua jana limemponyoka, mbuzi yule harudi.

Kwa hiyo ni vema kujua kwamba akili ya kukumbuka si zawadi ambayo wengine wamezaliwa nayo na wengine wamenyimwa. Hufunzwa kama mikono ifunzwavyo kusuka ukili.

Tuseme kijana wa Matogoro, aliyemaliza shule, amesikia kwamba ghala moja la mahindi mjini lataka mtunza ghala msaidizi. Songea ni nchi ya mahindi, na ghala la mahindi lina mambo yake. Mahindi ya kuwekwa hayapasi kuwa na unyevu zaidi ya sehemu 13.5 katika kila mia. Yakizidi hapo hupata joto na kuota kuvu. Magunia hayawekwi juu ya sakafu tupu bali juu ya chaga, na hayaegemezwi ukutani. Huachwa nafasi ya kama meta moja, ili hewa ipite na mtu apate kuzunguka akitazama. Kuvu wengine huzaa sumu iitwayo sumukuvu, nayo haitoki kwa kupikwa. Yuko mdudu mdogo aitwaye dumuzi, aliyeletwa kutoka nchi za Amerika. Hutoboa mahindi hata yakabaki unga. Tena mahindi yaliyotangulia kuingia hayana budi kutangulia kutoka.

Hayo ni mambo machache tu, lakini mtu mwenye hofu huweza kuyasahau yote. Sasa kijana huyu na atumie njia ya Susi. Barabara ishukayo kutoka kwao Matogoro kwenda mjini aijua. Ameipita mara elfu, na hata akifumba macho aiona. Basi na aweke kila jambo mahali pake katika barabara ile, kwa picha ya kuchekesha, maana akili husahau upesi mambo ya kawaida na hushika yale yanayoshangaza.

Mlangoni kwao na aone madebe yamepangwa: kumi na matatu yamejaa mahindi, na moja limejaa nusu tu. Hiyo ndiyo 13.5, nayo humzuia kutoka nyumbani mpaka ayaruke. Mbele kidogo, chini ya mwembe, gunia moja limepanda juu ya kitanda, lakalala kama mgonjwa, lisiguse ardhi. Hilo ni chaga. Penye ukuta wa jirani yamesimama magunia mengine, hayaukaribii ukuta hata kidogo, yamesimama mbali kwa heshima, kama mtu na mkwewe. Kisimani na amwone mpishi mwenye ndevu za rangi ya kijani, akichemsha sufuria tangu asubuhi hata jioni, na ile rangi haitoki. Darajani yuko dumuzi mkubwa kama mbuzi, akilitafuna daraja, na unga ukianguka mtoni. Na mwisho, penye lango la sokoni, yuko mzee aliyefika alfajiri kabla ya watu wote. Ndiye atokaye kwanza, na vijana wote wamempisha.

Akiisha kuziweka picha hizo, na aitembee njia ile kwa mawazo, kwenda na kurudi. Ataona kwamba aweza kuanza sokoni na kurudi nyumbani, wala hakuna gunia lililopotea. Mtu aliyekariri maneno tu, kama wimbo, hawezi kufanya hivyo. Ukimkatiza katikati hana budi kuanza tena mwanzo.

Njia hii si mpya. Wayunani wa kale waliifundisha kwa watu waliotaka kuhutubu bila karatasi. Na katika Kongo, Waluba wa Katanga wana kibao kiitwacho lukasa, chenye shanga na kome, ambacho mtu huweza kukishika kwa mkono mmoja. Wazee wa chama cha Mbudye, waliofunzwa kwa muda mrefu, walikishika mbele ya wafalme, wakapitisha kidole juu ya shanga, na kila shanga ikawakumbusha mfalme fulani, au mji, au safari. Kwa mtu asiyefunzwa, lukasa ni kibao kizuri tu.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya watu wenye vichwa vya ajabu. Mwaka 2017 wataalamu waliokuwa pamoja na Martin Dresler, wa chuo kikuu cha Nijmegen katika Uholanzi, walitoa habari za jaribio lao. Waliwachukua watu wa kawaida, wakawapa maneno 72 wayakumbuke. Kwa wastani walikumbuka 26. Kisha wakafunzwa njia hii ya kuweka mambo mahali mahali, nusu saa kila siku, kwa siku 40. Walipopimwa tena walikumbuka maneno 62. Hata baada ya miezi minne, bila kuendelea kujizoeza, faida ile ilikuwa haijapotea. Nusu saa kwa siku ni muda ambao watu wengi huutumia kumngoja mwenzao aliyechelewa.

Lakini picha zisiporudiwa hufifia. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa miaka mingi, na mwaka 1885 alitoa kitabu kuonyesha jinsi mtu asahauvyo: sehemu kubwa hupotea upesi katika saa na siku za kwanza, kisha kilichobaki hupotea polepole. Kwa hiyo kurudia mara kumi usiku mmoja hakufai kama kurudia jioni ile, na kesho yake, na baada ya siku tatu, na baada ya juma. Walimu wa vyuo vya Kurani pwani wanalijua jambo hilo tangu zamani. Mtoto huambiwa asome kwanza la jana na la juzi ndipo apewe jipya.

Tena kurudia si kutazama kitabu upya. Watu wengi hukosea hapo, maana kitabu kikiwa wazi kila kitu huonekana kinajulikana. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, katika Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine waliisoma tena, wengine walifunika karatasi wakaandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano wale waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Baada ya juma mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka sehemu 42 katika mia, na waliojiuliza wenyewe walikumbuka 56. Chuma na Susi hawakuwa na kitabu cha kutazama, na kwa jambo hili ukosefu wao ulikuwa mwalimu mzuri.

Liko jambo lingine linalomfanya mtu aonekane kati ya wengi, nalo ni majina. Kijana akiingia chumbani husalimu, nao walio nyuma ya meza humtajia majina yao. Wengi hawasikii hata moja, kwa kuwa masikio yao yamejaa hofu. Mtu wa Songea ana bahati hapa, maana majina mengi ya koo za huko yana picha ndani yake. Komba ni mnyama wa usiku mwenye macho makubwa. Tembo hahitaji kuelezwa. Moyo ni moyo. Nyoni ni neno lililotoka kusini pamoja na Wangoni, na maana yake ni ndege. Kijana akisikia “Bibi Nyoni”, na amwone ndege ametua begani mwa mama yule, kisha alitamke jina lile mara moja kwa adabu: “Nashukuru, Mama Nyoni.” Mwisho wa mazungumzo, akimwaga kila mmoja kwa jina lake, watamkumbuka wakati wa kulinganisha watu. Picha yenyewe na ikae moyoni mwake. Asije akacheka.

Na habari zake mwenyewe pia azipange. Ni jambo la kusikitisha kumwona mtu akisitasita anapoulizwa ni mwaka gani alimaliza shule, au alifanya kazi wapi kwanza. Walio nyuma ya meza hawajui kwamba ni hofu. Wengine hudhani ni uongo.

Hata hivyo kukumbuka si kuelewa. Yule kijana wa ghala akisema “sehemu 13.5 katika mia” vizuri sana, mtu wa mezani aweza kumwuliza, “Kwa nini isiwe 18?” Asiyejua habari za joto na kuvu atanyamaza, na yale madebe mlangoni kwao hayatamsaidia. Aweza kuulizwa tena, “Ukikuta gunia moja limelowa katikati ya mengine, utafanya nini?” Jibu la swali hilo halimo barabarani, lakini mtu aliyeelewa atalijenga kwa yale aliyonayo: ataliondoa upesi, atayatazama yaliyo karibu, atatafuta maji yalipoingilia. Waller naye hakumwambia Susi akariri. Alimwuliza jambo ambalo halikuandikwa po pote, na Susi akalijenga jibu kwa mito aliyoijua. Kwa hiyo utaratibu mwema ni kuelewa kwanza na kuweka barabarani baadaye. Kasuku aliyekariri hutambulikana kwa swali la pili.

Wala mtu asidharau karatasi. Wainwright aliyeandika orodha ya vitu vya Livingstone alifanya kazi ambayo kumbukumbu ya mtu mmoja isingeaminiwa. Mtunza ghala mwenye kumbukumbu nzuri bado huandika kila gunia liingialo na litokalo, kwa sababu hesabu ya ghala si mali ya kichwa chake. Lakini mchwa hula karatasi, na simu huzima.

Iko kazi moja duniani ambayo mtu haipati kamwe asipofunza akili yake ya kukumbuka, nayo ni ya kuendesha teksi nyeusi za London. Mtihani wake ulianza mwaka 1865, zamani za magari ya farasi. Atakaye kazi hiyo hana budi kujua barabara zote, kama 25,000, zilizo katika maili sita kutoka Charing Cross, pamoja na hospitali, hoteli, stesheni na mambo mengine mengi. Wengi hujifunza miaka mitatu au minne, wakizunguka mjini kwa pikipiki hata wakati wa mvua. Kisha huitwa mbele ya msahihishaji, wamevaa vizuri. Msahihishaji hutaja mahali pawili tu, naye mwombaji hana budi kutaja barabara zote za kati kwa taratibu, wapi kugeuka kulia na wapi kushoto, bila ramani. Akikosea huambiwa arudi siku nyingine.

Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walitoa habari za watu 79 walioanza masomo hayo, ambao walikuwa wamepimwa bongo zao kabla ya kuanza, na wengi wao tena baada ya miaka kadhaa. Waliofaulu walikuwa 39. Katika hao waliofaulu, sehemu moja ya ubongo ishughulikayo na mahali na njia ilikuwa imeongezeka. Katika wale wasiofaulu haikuongezeka. Wakati wa kuanza hapakuwa na tofauti kati yao. Lakini madereva wale waliofaulu hawakuwa bora katika kila namna ya kukumbuka. Katika jambo moja, la kuchora tena mchoro mgumu waliouona, walikuwa nyuma ya wenzao. Akili hupata nguvu mahali ilipofanyishwa kazi. Chuma na Susi walifanyishwa kazi juu ya mito, na walipoulizwa habari za mito hawakutafuta maneno.

Maswali

1. Mto Ruvuma huanza kuelekea upande gani unapotoka Matogoro? Funga kitabu, kisha eleza mwendo wake wote hata baharini.
2. Kwa nini Waller alihitaji msaada wa Chuma na Susi, ingawa maandiko ya Livingstone alikuwa nayo?
3. Chora njia uipitayo kutoka nyumbani kwenu hata shuleni. Weka juu yake mahali sita. Chagua kazi moja unayoijua, kama ya fundi, mwuguzi au mwenye duka, uweke mambo sita ya kazi hiyo mahali hapo. Mwambie mwenzako kwa kuanzia shuleni kurudi nyumbani.
4. Mwenzako akuulize “Kwa nini?” katika kila moja ya mambo yale sita. Andika yale usiyoweza kuyajibu, uende ukamwulize mtu aifanyaye kazi hiyo.
5. Jaribu tena kesho, na baada ya siku tatu, na baada ya juma, bila kutazama mchoro.